Sifuri Kati ya Sifuri

Ulikuwepo. Usijitie hukuwepo. Siku ile ya ushauri wa vyuo ulikaa safu ya tatu, karibu na dirisha, bahasha ya matokeo ya mwanao mapajani, na ulisikia kila neno alilolitamka mwalimu. Baba mmoja alipogeuka nyuma kutafuta mtu mzima wa kumuunga mkono, macho yake yakagongana na yako, nawe ukainama kuisoma bahasha upya, kana kwamba jina la mwanao limebadilika tangu asubuhi. Sasa kaa usikilize. Safari hii huna bahasha ya kujifichia.

Baba yule ni fundi friji. Alikuja ukumbini na mikono iliyosuguliwa kwa sabuni ya unga mpaka ikapauka, na kando yake alikaa binti yake, ambaye mtaani wanamwita Waya kwa sababu hakuna redio wala pasi iliyokufa ambayo hajaifungua tumbo. Mama hakuwepo. Alikuwa zamu, chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka.

Nyuma ya meza alikaa mwalimu wa ushauri. Wanafunzi walimwita Asilimia, kwa kuwa hakuwahi kumaliza sentensi bila kuitia asilimia ndani. Mezani alikuwa na jedwali refu la vyuo, na mbele ya kila chuo imeandikwa alama ya chini kabisa iliyopokelewa mwaka jana. Na alikuwa na rula ya plastiki. Familia ikifika, aliitazama alama ya mtoto, akaiteremsha rula taratibu kwenye jedwali, akipita vyuo vikubwa kama gari lisilosimama vituo vya njiani, na pale rula ilipotua ndipo mtoto alipotua. Dakika tano kila familia. Fomu ilikuwa na mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu.

"Binti, themanini na mbili," alisema Asilimia, rula tayari iko chini ya jedwali. "Safi. Chuo cha Ufundi, matengenezo ya mashine za ofisi. Wanachukua kuanzia sitini. Una uhakika wa asilimia tisini na tisa."

"Mwalimu, mimi nataka Chuo cha Uhandisi na Kompyuta," alisema Waya.

"Kila mtu anataka. Mwaka juzi alama yao ya mwisho ilikuwa sabini na tisa. Mwaka jana themanini na moja. Mwaka huu itakuwa ngapi?"

"Labda themanini na mbili."

"Au themanini na tatu, wewe ukabaki nje unachungulia getini. Ngoja nikuulize swali dogo. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na moja. Watoto wangapi wa shule hii wameingia chuo hicho?"

Waya aliitazama rula.

"Sifuri! Sasa wewe unayependa hesabu nipigie: sifuri ni asilimia ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Wewe pia ulitabasamu kidogo.

Fundi alijikohoza. "Mwalimu, samahani. Kama alama ya mwaka jana anayo, na moja ya ziada juu..."

"Mzee, kazi yako nini?"

"Fundi friji."

"Mimi nimewahi kuja kwako kukufundisha gesi ya kujaza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi."

Hapo ndipo fundi alipogeuka nyuma. Alipomaliza kuzitazama nyuso zote zilizokuwa hazimtazami, aligeukia meza tena, na Asilimia akamwonea huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha kushinda.

"Haya, kwa sababu binti anataka kulia..."

"Silii," alisema Waya.

"...kwa sababu binti halii, nitamwekea chuo chake hapa, chaguo la pili. Si kimo kwenye fomu? Mmeridhika?"

Fundi alishukuru. Alitia sahihi, akampa mwalimu mkono, akashukuru tena.

*

Siku tatu baadaye fundi friji aliitwa kazini mahali ambapo hajawahi kukanyaga: kantini ya Chuo cha Uhandisi na Kompyuta. Friza lao lilinguruma mchana kutwa bila kugandisha hata tone. Alipiga magoti nyuma yake, akafungua kifuniko, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, na kiungo cha nne kikaanza kutoa mapovu madogo madogo. Gesi ilikuwa inavuja hapo.

Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, alisimama juu yake na chupa ya maji.

"Fundi, maji yangu leo yatapata baridi, au niyafanyie maombi?"

"Yatapata, mama. Nipe nusu saa."

"Mwenzako wa juzi naye alisema nusu saa."

"Yule si mwenzangu. Angekuwa mwenzangu mimi nisingeitwa."

Mama akacheka, akavuta kiti. Alikuwa karani wa udahili, ofisi inayopokea maombi ya wanafunzi wapya. Fundi aliposikia hivyo alizidi kuikaza spana mahali palipokwisha kukazika. Aliziba kwanza kiungo kilichovuja, ndipo akauliza.

"Mama, samahani kwa kukusumbua. Mtoto mwenye themanini na mbili, hapa anaingia?"

"Ametuweka chaguo la ngapi?"

"La pili."

"Basi huyo hatutamwona."

"Hamtamwona vipi? Jina lenu limo kwenye fomu."

"Limo, lakini fomu yake haifunguliwi. Nafasi zetu zinajazwa na waliotuweka la kwanza, zinakwisha hapo hapo. Imeandikwa nyuma ya fomu, baba, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nani aliyewashauri?"

"Shule."

"Shule gani?"

Fundi akaitaja. Karani alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la jirani aliyehama. Akaondoka, na aliporudi alikuwa na karatasi mkononi, miwani sasa iko puani.

"Nimetazama miaka kumi na moja, tangu tulipoanza kutumia kompyuta," alisema. "Kutoka shule hiyo hakuna hata fomu moja ya chaguo la kwanza. Hata moja. Hatujawahi kumkataa mtoto wenu, fundi. Hamjawahi kutuomba."

Spana ilimponyoka fundi ikagonga sakafu, na wapishi wakageuka.

"Lakini nisikufiche," aliendelea karani, sauti ameishusha. "Marekebisho bado yako wazi, yanafungwa kesho saa kumi jioni. Ukimhamisha aje kwetu kwanza, na akakosa, huko kwingine watakuwa wamejaa. Atakaa nyumbani mwaka mzima. Hilo nalo ujue ukiwa na akili zako timamu, usije ukanilaani mimi."

Fundi alilijaza friza gesi, akasubiri lianze kutoa ukungu, na maji ya yule mama yakapata baridi. Malipo alisahau kuyadai. Alikumbuka alipokwisha kufika nyumbani.

*

Nyumba yao ni vyumba viwili na varanda. Mama Waya alikuwa amekaa varandani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, vidole vya mikono vimekunjamana kwa mvuke wa pasi. Alisikiliza habari yote ya kantini.

"Kwa hiyo mwalimu alikufunga kitambaa machoni," alisema mwishowe, "nawe ukamshukuru."

"Nilimshukuru mara mbili," alisema fundi.

"Mara mbili!"

"Mama Waya, sikujua."

"Na leo umejua kwa sababu friza la watu limevuja. Lisingevuja je?"

Waya alikuja na daftari, akachuchumaa kando ya beseni.

"Mama, tazama. Mwalimu anasema sifuri, kama vile watoto mia walijaribu wote wakashindwa. Kumbe ni sifuri kati ya sifuri. Hiyo haina asilimia. Ni kama kusema maji ya bomba hili hayanyweki kwa sababu hakuna aliyewahi kuyanywa."

"Na kama kweli hayanyweki? Wewe ndiye wa kwanza kunywa?"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo upesi upesi kwa kuwa tumbo la kuuma huna bado." Mama alitoa mguu mmoja majini. "Haya, hesabu yako inasemaje? Hiyo ya kweli, si ya kunibembeleza."

Waya alifunua ukurasa. "Wana nafasi sitini. Mwaka jana alama ya mwisho themanini na moja. Ikibaki hapo naingia. Ikipanda moja, tunagombania na wenye alama kama yangu. Ikipanda mbili nimekosa. Mimi naona ni nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu. Na huko kwa mashine za ofisi?"

"Naingia kwa vyovyote."

"Umesikia, Baba Waya? Mwenyewe anasema kwa mdomo wake." Mama alianza kujifuta miguu kwa nguvu kama anayesugua sufuria. "Mimi kazini nimeshawaambia mwanangu anakwenda chuo. Wamenipigia makofi. Msimamizi, yule ambaye miaka yote hajui jina langu, ananiita 'wewe wa mashuka', juzi amenipa mkono. Mwezi ujao niende nikawaambie nini? Mwanangu yuko nyumbani anatazama dari, tulikuwa tunabahatisha?"

"Mama, unaniogopea mimi au unamwogopa msimamizi?"

"Waya!" fundi alimkemea.

"Mwache aseme," alisema mama. "Nawaogopa wote wawili. Na nakuogopea wewe kuliko wote. Nimewaona watoto waliokaa nyumbani mwaka mmoja. Mwaka mmoja unavuta mwenzake. Halafu siku moja naja kukuona kwenye mstari wa pasi, kando yangu, umevaa buti za plastiki kama zangu, msimamizi anatuita 'nyinyi wa mashuka'."

Fundi aliikunjua mezani fomu ya marekebisho aliyopewa na karani wa udahili. Ilitaka sahihi za wazazi wote wawili, sahihi ya mwalimu wa ushauri na muhuri wa shule. Yeye alitia sahihi yake. Kalamu akailaza upande wa mke wake.

Mama aliitazama kalamu ile kama mtu anayetazama sindano.

"Kesho nina zamu ya asubuhi," alisema, akainuka.

*

Siku ya mwisho fundi na binti yake walifika shuleni saa tatu asubuhi. Waliambiwa wakae kwenye benchi nje ya ofisi ya ushauri. Mlangoni palibandikwa karatasi kubwa: ASILIMIA MIA MOJA YA WANAFUNZI WETU WAMEPATA NAFASI VYUONI. Asilimia alipita mbele yao mara tano. Mara ya kwanza aliwaambia anakuja. Mara ya pili alikuwa na sahani ya chakula. Mara ya tano alisema, "Bado mpo tu?"

Kwenye benchi alikuwepo pia msichana wa darasa la Waya, yule wanayemwita Profesa, mwenye themanini na saba. Waya alimpitia asubuhi akamweleza yote, naye akamvuta shangazi yake anayemlea. Shangazi aliingia ofisini saa nane kasorobo, akatoka saa nane akiwa ametulia kama mtu aliyetoka kupimwa akaambiwa hana ugonjwa.

"Twende nyumbani," alimwambia Profesa. "Mwalimu amesema una nafasi ya uhakika, tusiiguse."

"Shangazi, lakini mimi nina themanini na saba. Alama sita zaidi ya..."

"Mwalimu amesoma, mimi sikusoma. Unataka nibishane naye? Nimekuchukua kwa marehemu ndugu yangu nije nikuharibie?"

"Msikilize hata Baba Waya, shangazi."

"Baba Waya ni fundi friji," alisema shangazi, tena bila ubaya wowote, na wakaondoka. Profesa aligeuka nyuma mara mbili kabla ya kufika getini.

Saa nane na nusu ndipo fundi na binti yake walipoitwa ndani.

"Kwa hiyo umekuja kunifundisha kazi yangu," alisema Asilimia.

"La, mwalimu. Nimekuja kuomba sahihi na muhuri."

"Unajua akikosa nini kinatokea?"

"Najua. Atakaa nyumbani."

"Akae nyumbani kwako, hilo lako. Mimi nakuuliza la hapa." Alinyoosha kidole kwenye karatasi ya mlangoni. "Mkuu wa shule anapandishwa cheo kwa ile mia moja. Wazazi wanaleta watoto kwa ile mia moja. Mimi nakalia kiti hiki kwa ile mia moja. Mtoto mmoja akikosa, pale tunaandika tisini na tisa. Nitamweleza nini mkuu? Kwamba fundi friji alinishauri?"

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo alipolisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, mlango uko wazi. Miaka kumi na moja watoto wameteremshwa kwenye vyuo vya chini ili asikose hata mmoja, ili karatasi ya mlangoni isibadilishwe tarakimu. Halafu wale waliokatazwa kuomba wanahesabiwa kuwa walishindwa, na hesabu hiyo inatumiwa kumkatisha tamaa anayefuata. Hakuna aliyepiga kelele. Katibu wa ofisi aliendelea kubana karatasi kwa stepla.

"Mwalimu, nakuomba," alisema fundi. "Nikupigie magoti?"

"Magoti sina pa kuyaweka. Chukua karatasi, uandike ninavyokutajia. Halafu nitatia sahihi." Asilimia aliegemea kiti. "Andika: Mimi mzazi, kwa ukaidi wangu na tamaa yangu..."

Fundi aliandika. Mwandiko wake ni wa polepole, kila herufi inasimama peke yake.

"...nimekataa ushauri wa shule..."

"Baba, usiandike," Waya alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Ni wino tu."

"...na ninakubali binti yangu asihesabiwe miongoni mwa wanafunzi wa shule hii. Weka jina lako. Na mkeo yuko wapi? Fomu inataka wawili."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na robo. Fundi aliitazama, akamtazama binti yake, na wote wawili walijua kwamba kalamu ya jana ilikuwa bado imelala pale mezani ilipoachwa.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili mlango uliokuwa wazi ulisukumwa hadi ukutani. Mama Waya alisimama pale akihema, aproni ya kazi kiunoni, buti za plastiki zimeacha alama za maji koridoni kote. Alikuwa ametoka zamuni bila ruhusa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu. Wewe naona una busara, mzungumze na mumeo."

"Ndicho kilichonileta," alisema mama. "Njia nzima nimekuja na neno moja mdomoni. Nimekuja kukataa."

Waya alifumba macho.

"Ila kwanza nione mnachoandika." Aliichukua karatasi kwa ncha za vidole vilivyokunjamana, akaisoma, akaurudia mstari wa kwanza kwa sauti. "Kwa ukaidi wangu. Na tamaa yangu." Alimgeukia mumewe. "Hii umeiandika wewe?"

"Nimetajiwa."

"Hujawahi kumlipisha mtu friji ambalo halikupona. Jana umesahau pesa yako kule kwa watu kwa sababu ya huyu mtoto. Tamaa ipi hiyo?"

"Mama," Asilimia aliingilia, "ni utaratibu tu wa ofisi."

"Utaratibu wa kumwandikisha mtu mzima matusi yake mwenyewe mbele ya mwanawe?" Mama hakupandisha sauti, ila katibu aliacha kubana karatasi. "Mwalimu, mimi nilikuwa upande wako. Mungu ni shahidi, nilikuwa upande wako mpaka hapo mlangoni. Nilidhani unamwogopea binti yangu kama ninavyomwogopea mimi. Kumbe wewe unaiogopea karatasi yako."

"Akikosa, mama, usije ukalia hapa."

"Akikosa nitalia kwangu. Baba Waya, futa ukaidi. Futa tamaa."

"Tuandike nini?"

"Andika: tumepiga hesabu."

Fundi akafuta, akaandika. Mama alitia sahihi kwenye fomu, kwa haraka, asije akabadili nia. Asilimia aliitazama sahihi ile muda mrefu, akitafuta kosa. Hakuliona. Alisema funguo za droo ya muhuri anazo mkuu wa shule. Waya alisema ameuona muhuri, uko chini ya rula. Ulikuwepo chini ya rula kweli.

Muhuri uligongwa saa kumi kasoro dakika kumi na nne.

Bado kuingiza kwenye mfumo. Kompyuta ya shule iko chumba cha mwisho cha koridoni, na karani wake huandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mwenye kuokota mchele. Aliandika namba ya mtihani, akakosea, akaanza upya. Saa kumi kasoro dakika saba. Alihamisha chaguo la pili kuwa la kwanza, akabonyeza, na ukurasa ukaganda.

"Aa, imekwama," alisema karani. "Niizime niiwashe."

"Usiizime!" Waya alikuwa amekwisha kuegemea kaunta, nusu ya mwili iko upande wa pili. "Kaka, tafadhali, usiizime. Ukizima inafuta. Na usibonyeze tena, itajituma mara mbili, wataikataa."

"Rudi nyuma, binti. Kompyuta hii haiguswi na wanafunzi."

"Siigusi. Mikono yangu hii hapa." Alikunja mikono mgongoni. "Tazama pale pembeni juu, kuna kaduara kanazunguka?"

"Kapo."

"Kanazunguka au kamesimama?"

Karani alisogeza uso. "Kanazunguka. Polepole."

"Basi iko njiani. Isubiri."

Wakasubiri. Watu wazima watatu na binti mwenye mikono mgongoni, wanaiangalia duara ndogo kuliko kifungo cha shati. Saa kumi kasoro tano. Mama Waya alimshika mumewe kwenye kiwiko, mahali ambapo huwa hamshiki mbele za watu. Saa kumi kasoro tatu. Karani alinyoosha kidole kuelekea kitufe, Waya akasema "Kaka!" kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kwake, na kidole kikarudi.

Ukurasa ulifunguka. OMBI LIMEPOKELEWA. Saa kumi kasoro dakika mbili.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Waya aliomba kiti akaketi, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye buti moja ndani ya ndoo ya kudekia, na kusema kwamba sasa hata kazini labda hana kazi.

*

Kazi alibaki nayo, kwa kukatwa mshahara wa siku tatu na kupelekwa mstari wa mashuka ya wodi ya upasuaji, ambao hakuna anayeutaka. Wiki sita alipiga pasi bila kumwambia mtu yeyote chochote, na wenzake walipouliza lini mtoto anaanza chuo alisema bado, bado.

Majibu yalitoka asubuhi. Alama ya mwisho Chuo cha Uhandisi na Kompyuta mwaka huu ni themanini na mbili. Wenye themanini na mbili walikuwa kumi na wanne, nafasi zilizobaki tisa, wakapangwa kwa alama ya hisabati. Waya ni wa saba kati ya wale tisa.

Furahi, amepata. Fundi alilia mbele ya mteja, akasingizia gesi. Lakini usiifunge habari hii hapo kwa kuwa imekupendeza. Shule ile ilikuwa na watoto watano wenye alama kubwa kuliko za Waya. Watano. Kila mmoja wao angepita bila hata kugombania. Mistari yao ya kwanza ilijazwa kwa rula, na leo wako kwenye vyuo ambavyo hawakuvitaka. Profesa, mwenye themanini na saba, anajifunza kubadilisha wino wa printa. Jumapili iliyopita alikuja nyumbani kwa kina Waya kumpongeza. Alikaa kwa adabu, akanywa chai, akaomba kuliona daftari la hesabu, lile lililoandikwa kando ya beseni. Alilisoma mstari kwa mstari. Halafu akauliza, hata si kwa uchungu, kama mtu anayeuliza njia: "Kwa hiyo mimi ningeingia?"

Mama Waya aliinuka akaenda kuongeza maji kwenye birika iliyokuwa imejaa.

Mjibu wewe. Ulikuwa safu ya tatu, ulisikia ile "sifuri" na ulijua kugawa tangu darasa la nne. Ofisi ya ushauri iliyo karibu nawe inafunguliwa saa mbili asubuhi, na huko nako kuna jedwali na kuna mtu ameshika rula. Nenda kesho. Usiende peke yako, mchukue jirani, mchukue na shangazi wa mtu. Usiwaulize wangapi walipata. Waulize wangapi waliruhusiwa kuomba chaguo la kwanza, mwaka hadi mwaka, na wakuonyeshe kwa maandishi. Wakikuambia hakuna aliyewahi kuomba, usitie sahihi, wala usiondoke hapo mlangoni mpaka wawaite watoto wote warudishiwe fomu zao.